Uzamivu wa Modeli kwa Mwombaji wa Malindi au Lamu: Ajira ya Ulaya, Posho ya Uingereza, Marekani, au Kubaki Karibu na Data

Mwombaji wa Pwani anayetaka kufanya shahada ya uzamivu katika uundaji wa modeli, yaani kueleza kwa hisabati na kompyuta jinsi maji, hewa, ugonjwa au umeme unavyokwenda, mara nyingi huanza kwa kuuliza ni nchi gani inayolipa vizuri zaidi. Swali hilo halina ubaya, lakini likitangulia mengine hupotosha, kwa kuwa matangazo yanayojiita kwa jina moja la ufadhili kamili huficha mikataba isiyofanana: mmoja humfanya mwanafunzi kuwa mwajiriwa, mwingine humpa posho tu, mwingine humlipa kwa sharti la kufundisha, na mwingine humsomesha barani Afrika na kumpeleka ng'ambo kwa miezi kadhaa. Katika ulinganisho huu yatatangulia maswali mawili ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayoamua, nayo ni swali la utafiti ni la nani, na data ya kuipimia modeli iko wapi. Fedha ina mahali pake, ila si mahali pa kwanza.

Swali ni la nani

Nafasi hizi zina asili mbili. Zipo nafasi za mradi, ambazo profesa amekwisha kupata fedha, amekwisha kuandika swali, na sasa anatafuta mtu wa kulijibu. Na upo ufadhili unaomfuata mwanafunzi, ambapo mwombaji huleta swali lake, hutafuta msimamizi atakayelikubali, kisha huomba fedha. Nafasi nyingi za modeli barani Ulaya na Uingereza ni za aina ya kwanza, na ufadhili wa DAAD (shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi), wa serikali ya China au wa Japani kwa sehemu kubwa ni wa aina ya pili.

Tofauti hii humgusa mtu wa Malindi kuliko anavyodhani. Mhandisi aliyekulia hapa anajua kwamba Mto Sabaki unapofurika, maji ya ghuba hugeuka rangi ya udongo, na kwamba wakati wa kaskazi udongo huo husukumwa kusini kuelekea mji na matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, ilhali wakati wa kusi huelekea kaskazini. Akitaka kujenga modeli ya mwendo wa udongo ule, ni vigumu kukutana na tangazo la mradi lililoandikwa kwa ajili yake. Atakachokiona ni tangazo la Delft kuhusu mmomonyoko wa fukwe za Uholanzi. Si lazima alikatae, kwa sababu programu ya kompyuta ya Delft3D inayotumika huko kwa mwendo wa maji na mchanga, ambayo imewekwa wazi kwa umma, pamoja na modeli ya mawimbi ya SWAN iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, hufanya kazi katika ghuba yoyote mradi ipewe kina cha maji, upepo, na kupwa na kujaa kwake. Akubali tu akijua kwamba kwa miaka minne atajibu swali la mtu mwingine, na Sabaki itangoja.

Kwa mtu ambaye bado hana swali lake mwenyewe, nafasi ya mradi ni bora, wala hilo si jambo la kuonea haya. Mradi uliokwisha pangwa huja na fedha ya kompyuta, ya safari za mikutano na ya data, na huja na wenzake wanaofanya kazi iliyo jirani na yake. Ufadhili unaomfuata mwanafunzi humpa uhuru, lakini mara nyingi humwacha peke yake na kompyuta ndogo na msimamizi mwenye shughuli nyingi.

Ajira na posho

Katika Norwe, Uswidi na Uholanzi, mtafiti wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo. Ana mshahara, likizo ya kulipwa, likizo ya uzazi na akiba ya pensheni, na hukatwa kodi kama mfanyakazi mwingine yeyote. Norwe hutoa miaka mitatu, au minne ikiwa robo ya muda ni ya kufundisha. Uholanzi hutoa minne. Uswidi hutoa minne ya masomo, ambayo hufika mitano mwanafunzi anapopewa kazi za idara zisizozidi asilimia 20 ya muda wake. Ujerumani inazo njia zote mbili: baadhi ya watafiti huajiriwa kwa ngazi ya mshahara wa serikali iitwayo TV-L E13, mara nyingi kwa sehemu ya muda kama asilimia 65 au 75, na wengine huishi kwa posho ya DAAD. Anayetaka modeli za hali ya hewa na bahari aiangalie shule ya uzamivu ya modeli za mfumo wa dunia iliyo Hamburg, chini ya Taasisi ya Max Planck ya Metorolojia, ambayo mkurugenzi wake mwanzilishi, Klaus Hasselmann, alikuwa miongoni mwa walioshinda Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021 kwa kazi hiyo hiyo ya modeli za tabianchi.

Juu ya mikataba ya nchi moja moja kuna mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie inayolipiwa na Umoja wa Ulaya, ambayo huwapokea watu wa uraia wowote. Sharti lake kubwa ni la makazi: mwombaji asiwe ameishi wala kufanya kazi yake kuu katika nchi atakayoajiriwa kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Sharti hili humfaa mtu wa Lamu ambaye hajawahi kutoka Kenya, na humfungia mlango yule aliyesoma uzamili wake miaka miwili katika nchi hiyo hiyo hivi karibuni. Katika miito ya miaka ya mwanzo ya mpango wa Horizon Europe, kiwango cha mshahara kilikuwa euro 3,400 kwa mwezi, pamoja na euro 600 za kuhama. Wengi huvutiwa na hesabu hiyo bila kuuliza inakuwaje mkononi. Kiwango hicho huzidishwa kwa kipimo cha gharama ya maisha cha kila nchi, kisha michango ya mwajiri na ya mwajiriwa pamoja na kodi hutolewa humo humo, hivi kwamba kinachoingia benki ni pungufu sana.

Jambo ambalo ningetaka kila mwombaji alitazame kwa makini ni muda. Mtandao wa Marie Curie kwa kawaida humlipia mtafiti miezi 36, lakini ikiwa chuo kiko Uholanzi, ambako uzamivu ni wa miaka minne, mwaka wa nne hulipiwa na nani? Vyuo vingine huandika mapema kwamba vitaufidia, vingine husema litaangaliwa baadaye. Modeli ni kazi ambayo hukamilika ghafla mwishoni, baada ya muda mrefu wa kutafuta hitilafu katika programu, na mtu asiye na mshahara mwaka wa nne huandika tasnifu huku akifanya kazi ya mkahawani.

Uingereza ni habari nyingine. Mwanafunzi wa uzamivu huko ni mwanafunzi, si mwajiriwa. Hupokea posho isiyokatwa kodi, ambayo kiwango chake cha chini kwa wanaofadhiliwa na UKRI, shirika la umma la kugharimia utafiti, kilikuwa pauni 20,780 kwa mwaka wa masomo 2025/26, na muda ni miaka mitatu na nusu hadi minne. Tangu mwaka 2021, vyuo vinavyopewa fedha za UKRI vinaruhusiwa kuchukua wanafunzi wa kigeni hadi asilimia 30 ya wale wanaoingia. Hapo ndipo penye kizuizi cha kwanza, kwa kuwa Mkenya hushindania sehemu hiyo na watu wa dunia nzima. Kizuizi cha pili ni karo: ufadhili hulipa karo ya mwenyeji, na tofauti kati yake na karo ya mgeni ama husamehewa na chuo ama humwangukia mwanafunzi. Tangazo lisilosema waziwazi kwamba tofauti hiyo imesamehewa, lihesabiwe kuwa si ufadhili kamili hadi barua ya chuo ithibitishe.

Uzuri wa Uingereza kwa mtu wa modeli ni vituo vyake vya mafunzo ya uzamivu, ambavyo huchukua kundi la wanafunzi kila mwaka na kuwafundisha pamoja kabla au wakati wa utafiti. Mwezi Machi 2024 ilitangazwa kwamba vituo 65 vingefadhiliwa. Kituo cha HetSys katika Chuo Kikuu cha Warwick, kwa mfano, kimejengwa juu ya modeli za mifumo changamano ya kifizikia, na humfundisha mwanafunzi kuandika programu itakayotumiwa na wengine na kukadiria kiasi cha kutokuwa na uhakika kilichomo katika majibu ya modeli yake. Mtu aliyesomea hisabati tupu katika chuo chetu, ambako huenda hakuandika programu kubwa hata moja, atafaidi kundi kama hilo kuliko atakavyofaidi ofisi ya peke yake nchini Norwe yenye mshahara mkubwa zaidi. Mwenye mume au mke na watoto ajue pia kwamba wanafunzi wa uzamivu bado wanaruhusiwa kwenda nao Uingereza, tofauti na wale wa uzamili wa kawaida waliozuiwa kuanzia Januari 2024, lakini kila mwanafamilia hulipa ada ya afya ya uhamiaji kabla ya kuondoka. Familia ya watu wanne huweza kumaliza akiba yote kwa ada hiyo pekee.

Marekani

Marekani hutofautiana na wote waliotangulia kwa jambo moja kubwa: huweza kumchukua mwenye shahada ya kwanza tu na kumpeleka moja kwa moja kwenye uzamivu, huku Ulaya kwa kawaida ikidai uzamili. Muda ni kama miaka mitano au zaidi, wa kwanza na wa pili ukiwa wa madarasa na mtihani mgumu wa kuruhusiwa kuendelea. Karo husamehewa, na posho hutokana na kufundisha wanafunzi wa mwanzo au kufanya utafiti katika mradi wa profesa. Programu ya pamoja ya MIT na taasisi ya bahari ya Woods Hole, iliyoanza mwaka 1968, ni mfano mzuri kwa anayependa modeli za bahari.

Nina shaka mbili kuhusu njia hii kwa sasa. Posho ya utafiti hutegemea ruzuku ya profesa, na mwaka 2025 vyuo vingi vya huko vilipunguza idadi ya wanafunzi wa uzamivu baada ya fedha za serikali kuu kupunguzwa; anayelipwa kwa kufundisha yuko salama kidogo kuliko anayetegemea ruzuku. Shaka ya pili ni gharama ya kuomba tu, maana kila chuo hutoza ada yake, na maombi ya vyuo vinane huweza kufikia mshahara wa mwezi mzima wa mwalimu wa sekondari. Vyuo vingi husamehe ada hiyo kwa anayeandika barua mapema kabla ya tarehe ya mwisho, ambayo aghalabu huwa Desemba.

Kubaki barani

Njia za Afrika hutajwa mwisho katika mazungumzo mengi, kama kwamba ni za walioshindwa. Sikubaliani na mtazamo huo, hasa katika modeli.

Mfuko wa RSIF, unaosimamiwa na icipe, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu iliyo Kasarani, Nairobi, hufadhili uzamivu wa sayansi tumizi, uhandisi na teknolojia katika vyuo teule vya Afrika, katika nyanja kama nishati, tabianchi, madini na matumizi ya data kubwa, na humpeleka mwanafunzi kwa miezi sita hadi miaka miwili katika taasisi ya nje. Miongoni mwa vyuo vyake ni Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha kwa maji na nishati, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro kwa magonjwa ya binadamu na wanyama. DAAD nayo ina mpango wa kusomea nchini au katika ukanda, wa miaka mitatu, pamoja na fursa ya kukaa Ujerumani kwa miezi michache. Sharti linalowakatisha wengi ni kwamba shahada ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Chuo Kikuu cha Pan-Afrika cha Umoja wa Afrika kina taasisi yake ya sayansi na teknolojia katika Chuo cha Jomo Kenyatta, Juja, kwa hisabati na uhandisi; huweka ukomo wa umri, na humtaka mhitimu aahidi kufanya kazi Afrika.

Kisha ipo Kilifi, mwendo wa saa moja na kitu kwa matatu kutoka Malindi. Programu ya utafiti ya KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na mfuko wa Uingereza wa Wellcome Trust imekuwapo tangu 1989, na tangu mwaka 2000 imekuwa ikifuatilia vizazi, vifo na uhamaji wa watu katika eneo la kilomita za mraba 891 kuizunguka hospitali ya kaunti. Huko ndiko virusi vya RSV, vinavyosumbua mapafu ya watoto wachanga, vilikofuatiliwa nyumba kwa nyumba, na takwimu hizo zikatumika kujenga modeli za nani humwambukiza nani ndani ya kaya. Ilionekana kwamba mara nyingi kaka au dada anayekwenda shule ndiye anayemletea mtoto ugonjwa. Wanafunzi wa uzamivu wa programu hiyo hufanya kazi Kilifi huku wakiwa wamesajiliwa katika vyuo vikuu, vikiwemo vya nje. Mtu wa modeli za magonjwa anayekwenda London kutafuta data iliyokusanywa Kilifi ana sababu ya kujiuliza mara mbili. Anayetaka kubaki Afrika lakini kutoka nje ya Kenya anayo SACEMA ya Stellenbosch, kituo cha Afrika Kusini cha modeli za epidemiolojia.

Mashine iko wapi, data iko wapi

Hapa ndipo ninapodhani uamuzi wa kweli hufanyika. Modeli za kifizikia zenye gharama kubwa ya hesabu, kama za mtiririko wa hewa kwenye bawa la mtambo wa umeme wa upepo au za tabianchi ya dunia, humtaka mtu awe karibu na kompyuta kubwa na watu wanaojua kuitumia. Data yake huvuka mpaka bila taabu, kwa maana picha za satelaiti na takwimu za upepo hupatikana bure kwenye mtandao. Kwa kazi hiyo nenda Hamburg, Trondheim ya Norwe au Warwick, au Afrika Kusini, ambako kituo cha kompyuta za uwezo mkubwa cha Cape Town huwahudumia watafiti wa vyuo vya nchi hiyo.

Kwa modeli za watu, mito midogo na bandari, mambo hugeuka. Hesabu yenyewe huweza kufanywa kwa kompyuta ya kawaida ya dukani, lakini data imefungwa mahali. Takwimu za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na kamati za maadili. Vipimo vya kina cha mlango wa Manda, ambako gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilianza kazi Mei 2021, haviko kwenye mtandao. Hata Mkenya anayesoma Ulaya huhitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ili kufanya utafiti hapa. Nimeona mpango mzuri wa mikoko ya Lamu ukibadilishwa kuwa wa pwani ya nchi nyingine katika mwaka wa pili, kwa sababu tu hakuna aliyeomba vipimo vya maji ya bamvua na maji mafu kabla ya kusaini mkataba. Mpango wa kusomea Afrika na kwenda nje kwa muda humpa mtu vyote viwili, mashine kwa mwaka mmoja na data kwa miaka miwili, na ndiyo sababu ninaupendelea kwa maswali ya aina hii ingawa posho yake ni ndogo.

Njia nyingine nazipitia kwa haraka. Ufadhili wa serikali ya China hutoa yuani 3,500 kwa mwezi kwa uzamivu, pamoja na karo na malazi, kwa walio chini ya miaka 40. Maabara nyingi ni nzuri sana, lakini uliza kikao cha maabara huendeshwa kwa lugha gani. Ufadhili wa serikali ya Japani umekuwa ukitoa yeni 145,000, na ukomo wa umri ni mdogo zaidi. ICTP ya Trieste nchini Italia, taasisi ya kimataifa ya fizikia ya nadharia iliyoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964 na ambako modeli ya tabianchi ya RegCM ilikuzwa, humfaa pia yule ambaye tayari amesajiliwa uzamivu nyumbani, kwa kuwa ina mpango wa kumwalika kwa vipindi vya miezi kadhaa.

Nani achague ipi

Mwalimu kijana wa hisabati wa Malindi mwenye daraja la kwanza bila uzamili asipoteze muda na matangazo ya Norwe. Ama aombe Marekani kwa nafasi ya kufundisha, ama asome kwanza uzamili wa mwaka mmoja wa AIMS, mtandao wa taasisi za hisabati ulioanzia Cape Town mwaka 2003 na wenye kituo Rwanda, ambao hulipiwa. Mtakwimu wa hospitali aende Kilifi. Mhandisi wa kike mwenye uzamili mpya, asiye na swali mahsusi na anayetaka kuanza familia, atapata ulinzi wa kweli katika mkataba wa ajira wa Uswidi au Uholanzi kuliko katika posho ya Uingereza, ambako masharti ya likizo ya uzazi hubadilika kutoka mfadhili mmoja hadi mwingine. Mhandisi wa Lamu mwenye umri wa miaka 37, mwenye kazi na watoto shuleni, na mwenye swali lake kuhusu kujaa kwa mchanga kwenye njia ya meli, amekwisha kupitwa na baadhi ya ukomo wa umri; RSIF au usajili wa nyumbani wenye vipindi vya Trieste au Delft ndio wenye nafasi kwake, mradi mwajiri wake ampe ruhusa ya data kwa maandishi.

Kwa yeyote mwenye barua mbili mkononi, aandikie pande zote mbili maswali matatu yale yale: mwaka wa mwisho unalipiwa na nani iwapo muda utazidi, gharama ya kompyuta na ya safari za kukusanya data imo katika bajeti ipi, na msimamizi akihama chuo mkataba unabaki na nani. Upande utakaojibu kwa maandishi ndani ya wiki mbili uchukuliwe, hata kama posho yake ni pungufu.